Barua ya wazi kwa wanaogawa ruzuku za vifaa tiba vya ubongo na uraibu: nani atalipia betri inayofuata?

Waheshimiwa wakurugenzi wa taasisi za utafiti wa afya, wadhamini wa mifuko na wakfu za kisayansi, nanyi mnaoketi kwenye kamati za kupima maandiko,

YAH: GHARAMA ZA KIPANDIKIZI BAADA YA JARIBIO KUFUNGWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mhandisi wa vifaa tiba. Kazi yangu ni vichocheo vya neva, yaani vile vifaa vidogo vyenye betri vinavyopeleka umeme kwenye ubongo au kwenye neva kupitia waya mwembamba. Nimeandika maandiko ya kuomba fedha zenu, na nimeitwa kupima maandiko ya wengine, kwa hiyo fomu zenu nazijua kwa pande zote mbili za meza. Fomu hizo huuliza mambo mengi ya maana. Mnataka kujua kama wazo ni jipya, kama timu ina uwezo, kama soko lipo, kama wanyama wa maabara walitendewa kwa utaratibu. Lakini katika zile zilizopita mikononi mwangu sijakuta mstari unaouliza hivi: siku jaribio likifungwa na kifaa kingali kichwani mwa mtu, nani atalipia betri inayofuata?

Ombi langu ni moja. Kila ruzuku inayolipia kuweka kifaa ndani ya mwili wa binadamu ibebe, tangu siku inaposainiwa, fedha zilizofungiwa kwa ajili ya kukitunza kifaa hicho, kukibadilishia betri, na kukitoa mtu akitaka kitolewe, hata kama kampuni iliyokitengeneza imekufa.

Kabla sijafika kwenye lawama, nitaje kwanza deni tunalowiwa nanyi, maana fedha za umma katika fani hii zimezaa mambo ambayo soko peke yake lisingeyazaa. Mwaka 1982, kaskazini mwa California, vijana kadhaa waliokuwa wakijidunga unga uliotengenezwa kienyeji maabara walifikishwa hospitali wakiwa wameganda. Hawasemi, hawasogei, ila akili zao zi timamu. Dalili zilikuwa za Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaokakamaza na kutetemesha mwili, ambao kwa kawaida huwapata watu wenye umri mkubwa. Daktari William Langston na wenzake walifuatilia mpaka wakaukuta uchafu uliokuwa ndani ya unga ule, kemikali iitwayo MPTP, inayoua seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kusogea vizuri. Walichapisha taarifa yao mwaka 1983.

Balaa la waraibu wale likawapa watafiti njia ya kuiga Parkinson kwa nyani. Mwaka 1990 Mahlon DeLong na wenzake wakaonyesha, kwa nyani hao, kwamba kiini kimoja kidogo ndani kabisa ya ubongo, chini ya sehemu iitwayo thalamasi, kikinyamazishwa, mwili uliokakamaa hulegea na kusogea tena. Huko Grenoble, Ufaransa, Alim-Louis Benabid alikuwa ameshaona tangu 1987 kwamba umeme wa kasi unaweza kutuliza mtetemeko bila haja ya kuchoma sehemu yoyote ya ubongo. Mambo hayo mawili yakakutana, kiini kile kikaanza kuwekewa elektrodi, yaani ncha ya waya inayotoa umeme, na mwaka 2002 Marekani ikaidhinisha tiba hiyo kwa Parkinson. Watu waliowekewa elektrodi za namna hiyo duniani sasa wamepita laki moja na nusu. Mwaka 2014 Benabid na DeLong walipewa tuzo ya Lasker, moja ya tuzo kubwa za utabibu, na walistahili. Ila huwa najiuliza kwa nini tukiisimulia historia hii tunaanzia Grenoble na kuwaruka waraibu wa California, kana kwamba kuwataja kunaichafua.

Nimeisimulia kwa sababu inaonyesha mambo mawili mnayoyajua vizuri kuliko mimi. La kwanza ni kwamba maradhi ya ubongo na uraibu ni jambo moja kisayansi, hata pale ofisi zenu zinapoyagawa kwenye idara tofauti. La pili ni kwamba safari ya kutoka kwenye mgonjwa wa kwanza hadi kwenye kibali ilichukua miaka ishirini, na hakuna mwekezaji wa kawaida anayesubiri miaka ishirini. Mlisubiri ninyi. Kwa hilo hatuna la kuwalipa.

Kinachonifanya niandike ni kile kinachotokea baadaye.

Kati ya 2010 na 2012, huko Melbourne, Australia, watu 15 wenye kifafa kisichosikia dawa waliwekewa kifaa cha kampuni ya NeuroVista. Kilisoma umeme wa ubongo muda wote na kuwaonya kwa taa kwamba degedege linakaribia, au kwamba kwa sasa kuko shwari. Matokeo yalichapishwa 2013 na yalikuwa hatua kubwa, kwa kuwa kabla ya hapo wengi katika fani walishuku kama degedege linaweza kutabirika hata kidogo. Kisha fedha za kampuni zikaisha. Washiriki wakaambiwa vifaa vitolewe. Mmoja wao, mwanamke aliyekuwa ameanza kutoka nje peke yake bila hofu, alikataa kadiri alivyoweza. Yeye na mumewe walikuwa tayari kuweka nyumba rehani ili wakinunue kile kifaa kibaki kichwani mwake. Haikuwezekana. Kilitolewa, na mwanamke huyo hajaacha kusema kwamba alipoteza sehemu ya nafsi yake.

Mwaka 2019 ikaporomoka kampuni ya Autonomic Technologies, iliyotengeneza kichocheo kidogo kinachowekwa nyuma ya shavu kutuliza yale maumivu ya kichwa ya upande mmoja ambayo wagonjwa wenyewe huyaeleza kuwa hayavumiliki. Zaidi ya watu 700 walikuwa nacho. Kifaa hicho hakina betri ndani. Hupata umeme kutoka kwenye rimoti ambayo mgonjwa huishikilia shavuni. Kampuni ilipokufa, rimoti zikabaki bila mtu wa kuzitengeneza wala wa kuisasisha programu yake. Mgonjwa mmoja aliyekuwa na bahati ya kuwa mhandisi wa umeme alijitengenezea mwenyewe. Wasio wahandisi walirudi kwenye dawa walizozikimbia.

Na ipo kampuni ya Second Sight. Kifaa chake kiitwacho Argus II, cha kuwarudishia vipofu uwezo kidogo wa kuona kwa msaada wa miwani yenye kamera, huwekwa kwenye retina ya jicho, si ndani ya ubongo, lakini mwenendo wake unafanana. Kiliidhinishwa Ulaya 2011 na Marekani 2013, na ndani yake mlikuwamo fedha za umma za Marekani, za taasisi ya taifa ya macho na hata za wizara ya nishati. Watu zaidi ya 350 waliwekewa. Mwaka 2019 kampuni iliacha kukitengeneza, na Machi 2020 ikawaachisha kazi wafanyakazi wake wengi. Wapo waliogundua kwamba kampuni imewaacha pale tu miwani yao ilipoharibika na simu haikupokelewa.

Sielezi visa hivi ili kuwaumbua wafanyabiashara. Kampuni changa hufa, na sehemu kubwa ya zile mnazozipa ruzuku zitakufa. Mnalijua hilo na mmelipigia hesabu. Ila hesabu hiyo mmeipiga upande wa fedha tu. Mradi ukishindikana, kwenye vitabu vyenu unafutwa kama hasara ya kawaida. Kwenye mwili wa mshiriki haufutiki.

Niruhusuni nieleze kidogo kifaa kilichokufa kinamfanyaje mtu, maana wengi wenu ni wanasayansi wa seli au wahasibu, na jambo hili huonekana dogo ukiwa mbali nalo. Kichocheo cha ubongo kina sehemu tatu: elektrodi iliyozama ndani ya ubongo, waya unaopita chini ya ngozi ya kichwa na shingo, na kiboksi chenye betri kifuani, chini ya mfupa wa mtulinga. Betri isiyochajiwa hudumu takriban miaka mitatu hadi mitano kutegemea matumizi, na ikiisha hubadilishwa kwa upasuaji. Inayochajiwa hudumu zaidi, lakini humtaka mtu awe na chaja inayofanya kazi na utaratibu wa kukaa nayo kila baada ya siku kadhaa. Daktari naye huhitaji kompyuta maalumu ya kampuni hiyohiyo ili aongeze au apunguze umeme. Ondoa kampuni, na kimoja baada ya kingine vinakatika. Mtu mwenye Parkinson ambaye kifaa chake kinazimika ghafla anaweza kukakamaa kiasi cha kulazwa. Mwenye sonona anaweza kurudi kwenye giza alikotoka. Hata ambaye kifaa hakikumsaidia bado ana waya kichwani, na waya huo, kama haukupimwa kwa usalama wa MRI, ile mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, unaweza kumnyima kipimo hicho siku atakapougua jambo jingine kabisa.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ni eneo langu na kwa sababu dawa yake ipo. Wenzetu wa vifaa vya kurekebisha mapigo ya moyo walilimaliza tatizo hili zamani. Walikubaliana juu ya plagi moja, ile inayoitwa IS-1, ikawa kanuni ya kimataifa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tangu hapo, betri ya kampuni moja inaweza kuunganishwa na waya wa kampuni nyingine. Kampuni ikifa, mgonjwa hafi nayo. Daktari anachukua betri ya kampuni shindani na kazi inaendelea. Kwenye ubongo hatuna makubaliano ya namna hiyo. Kila kampuni ina plagi yake, idadi yake ya ncha, lugha yake ya mawasiliano, na inavilinda hivyo kama siri za biashara. Nimekaa kwenye vikao ambamo umbo la plagi lilichaguliwa makusudi ili mteja asihame. Wahandisi hatuna nguvu ya kulizuia hilo. Mwenye nguvu ni anayelipa wakati kampuni bado ina njaa, na huyo ni ninyi. Mkisema leo kwamba hamtoi fedha kwa kipandikizi cha ubongo chenye plagi ya peke yake pasipo sababu ya kitabibu, kanuni ya pamoja itapatikana haraka kuliko tulivyosubiri miaka yote hii. Na mkitaka michoro na msimbo wa programu uwekwe amana kwa mtu wa tatu, ufunguliwe siku mfilisi anapoingia, hakuna mwanzilishi wa kampuni anayehitaji fedha zenu atakayekataa. Baada ya wawekezaji wakubwa kuingia mtakuwa mmechelewa.

Mtaniambia kwamba ninyi ni wa utafiti, si wa matibabu, na kwamba sheria zilizounda mifuko yenu haziwaruhusu kulipia huduma. Naiheshimu hoja hiyo, nimeisikia kwa watu waadilifu. Lakini Azimio la Helsinki, ile miiko ya kimataifa ya utafiti wa tiba kwa binadamu ambayo kila andiko mnalolipokea linaapa kuifuata, limekuwa likizungumzia haki ya mshiriki baada ya jaribio tangu toleo la mwaka 2000, na toleo la Oktoba 2024 linataka mipango hiyo ifanywe kabla jaribio halijaanza. Mdhamini wa jaribio ametajwa humo. Kama kumchana mtu kichwa ili tujifunze ni utafiti, basi kumbadilishia betri ya kifaa tulichojifunzia ni sehemu ya gharama za utafiti huohuo. Mnalipia kumtunza nyani baada ya majaribio. Sioni kwa nini hesabu iwe ngumu zaidi kwa binadamu.

Wengine husema jukumu hilo ni la kampuni, na liandikwe kwenye fomu ya ridhaa. Huandikwa. Nimesoma fomu za ridhaa zenye sentensi inayomwambia mshiriki kwamba kifaa huenda kisipatikane baada ya jaribio, naye anatia saini. Anatia saini kwa sababu degedege linampiga kila siku au kwa sababu ameshajaribu kujiua, na mtu aliye katika hali hiyo hapimi masharti ya mwaka wa tano. Isitoshe, ahadi ya kampuni ina thamani mradi kampuni ingali hai. Mtafiti mkuu atahamia chuo kingine, hospitali itabadilisha uongozi, kampuni itauzwa. Katika kundi zima la waliohusika, anayebaki na jina lake lilelile na bajeti ya mwaka ujao ni mfadhili.

Suala la muda nalo limefungamana na hili kuliko linavyoonekana. Hatua mnazoweka za kupima mafanikio huwa za miezi. Ubongo haufuati kalenda hiyo. Chukua jaribio la kuchochea ubongo kwa watu wenye sonona sugu lililoitwa BROADEN. Lilikuwa na watu 90. Baada ya miezi sita, waliowashiwa umeme hawakutofautiana vya kutosha na waliowekewa kifaa kikiwa kimezimwa, na uandikishaji ulikuwa umeshasimamishwa. Lakini vifaa vilibaki, vikawashwa kwa wote, na matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha kwamba kufikia mwaka wa pili karibu nusu yao walikuwa wamepata nafuu kubwa. Kichocheo cha ubongo cha kutuliza kifafa, cha kampuni ya NeuroPace, kilichoidhinishwa Marekani 2013, kinatoa picha inayofanana: upungufu wa degedege ulikuwa asilimia 44 baada ya mwaka mmoja, 53 baada ya miaka miwili, na 75 kufikia mwaka wa tisa, kwa mgonjwa wa katikati.

Najua udhaifu wa takwimu hizi. Katika miaka hiyo ya baadaye hakuna kundi la kulinganisha, na walioona hakuna faida huenda walijitoa na kuacha waliofaidika wakihesabiwa. Hata hivyo, namna pekee ya kujua ukweli ni kuwafuata watu kwa miaka mingi, wakiwa na vifaa vinavyofanya kazi. Kwa maneno mengine, hifadhi ya matunzo ninayoiomba ndiyo hiyohiyo ingewapa ninyi takwimu mnazozikosa. Kila kipandikizi kinachozimwa kwa kukosa betri ni jaribio mlilolilipia mkaliacha kabla halijasema lilichokuja kusema.

Nije kwenye uraibu, ambako mambo haya yote ni makali zaidi. Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya ilikadiria katika ripoti yake ya 2024 kwamba watu milioni 64 wana maradhi yatokanayo na matumizi ya dawa hizo, na kwamba mmoja tu kati ya 11 anapata matibabu. Kwa hiyo naelewa hamu ya kutafuta kifaa. Na ipo mifano ya kutia moyo. Mwaka 2020 Marekani iliruhusu kofia ya sumaku ya kampuni ya BrainsWay itumike kusaidia watu kuacha sigara, baada ya jaribio la watu 262. Waliokaa wiki nne mfululizo bila kuvuta kufikia wiki ya 18 walikuwa asilimia 19.4, dhidi ya 8.7 ya waliovalishwa kofia isiyofanya kazi. Si muujiza, lakini ni tofauti ya kweli, iliyopimwa kwa kulinganisha, na kofia inavuliwa mtu akaenda zake. Ningependa kuona fedha zaidi zikienda huko, kwenye vifaa visivyochana ngozi, kabla ya kukimbilia kutoboa fuvu.

Maana kutoboa fuvu la mraibu kuna historia mbaya. Nchini China, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mamia ya watu walichomwa sehemu ya ubongo inayohusika na raha ili waache heroini, mpaka wizara ya afya ilipousimamisha upasuaji huo mwaka 2004. Elektrodi ni bora kuliko kuchoma, kwa kuwa unaweza kuizima. Huko West Virginia, timu ya Ali Rezai ilianza mwaka 2019 kuwawekea elektrodi watu wenye uraibu wa dawa za jamii ya afyuni ambao tiba nyingine zote zilikuwa zimewashinda, na kazi hiyo ilipata fedha za NIDA, taasisi ya taifa ya Marekani ya utafiti wa dawa za kulevya. Kati ya wanne wa kwanza, wawili walikaa muda mrefu bila kutumia kabisa, na mmoja alitolewa kifaa. Wanne ni wachache mno kujenga hoja juu yao, na waandishi wenyewe hawakudai zaidi. Ninachotaka mkione ni huyo mmoja. Kwenye jaribio la Parkinson, mtu anayeshindwa kufuata masharti ni nadra. Kwenye uraibu, kurudia ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Mtu anaweza kupoteza makazi, na pamoja nayo mahali pa kuchaji. Anaweza kufungwa gerezani akiwa na kiboksi kifuani ambacho hakuna daktari wa magereza aliyewahi kukiona. Anaweza kubadilisha simu kila mwezi. Mradi wa uraibu wenye hifadhi ya matunzo iliyokokotolewa kwa mfano wa mgonjwa wa Parkinson, mwenye mke wa kumkumbusha na bima ya kustaafu, utakuwa umepunjwa tangu mwanzo.

Ridhaa nayo iangaliwe upya. Mtu aliye kwenye arosto si mtu wa kupewa karatasi ya kusaini upasuaji wa ubongo. Awe kwanza ametulizwa kwa methadoni au buprenofini, dawa ambazo zipo na zimethibitishwa kupunguza vifo, na ajue kwamba hatanyang'anywa dawa hizo akikataa kifaa. Hili naliweka fupi kwa kuwa wapo wanaolijua kwa undani kuliko mimi, na baadhi yao ni waraibu waliopona. Hao waketi kwenye kamati zenu wakiwa na kura, si kuitwa kutoa ushuhuda wakati wa chai. Vivyo hivyo watu wanaoishi na vipandikizi.

Msidhani kwamba kifaa kisichochana ngozi kinaepuka kabisa shida ya kuachwa. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha programu ya simu ya kampuni ya Pear Therapeutics kwa ajili ya kutibu uraibu, ya kwanza ya aina yake kuandikwa na daktari kama dawa. Mizizi yake ilikuwa kwenye utafiti uliolipiwa na NIDA. Madaktari waliiandika, kampuni nyingi za bima hazikulipa. Aprili 2023 kampuni iliomba kufilisiwa. Hapa kosa halikuwa la sayansi. Ni kwamba hakuna aliyewauliza walipaji, wakati ruzuku zinatolewa, ni ushahidi gani ungewafanya walipe. Swali hilo lingegharimu mkutano mmoja.

Inabaki hoja ya fedha, na sitaikwepa. Hifadhi ninayoiomba itapunguza idadi ya miradi mnayoweza kuilipia. Tena naiomba wakati mbaya: mpango wa Marekani wa kufadhili utafiti wa ubongo uitwao BRAIN, ulioanzishwa 2013 na ambao wengi wetu tumeutegemea, ulishuka kutoka dola milioni 680 mwaka wa fedha 2023 hadi milioni 402 mwaka uliofuata. Ninajua maabara nzuri zilizofungwa. Pamoja na hayo, kama fedha hazitoshi kuweka vipandikizi kwa watu 20 na kuwatunza, zitoshe kwa 12 na watunzwe. Hesabu yenyewe inapigika: idadi ya washiriki, umri wa betri, gharama ya upasuaji wa kubadilisha, kiwango kinachojulikana cha maambukizi na cha waya kukatika, miaka ya ufuatiliaji. Mhasibu na daktari mmoja wa upasuaji wanaimaliza kwa siku chache. Na kwa kuwa si kila kampuni itakufa, fedha hizo hazina haja ya kufungwa mradi kwa mradi. Mifuko kadhaa ikichangia kapu moja, kama bima inavyofanya, mzigo wa kila mmoja unakuwa mdogo. Kampuni itakayofanikiwa na kuuza irudishe sehemu yake kapuni. Kampuni itakayokufa, kapu limchukue mgonjwa wake.

Ningeomba pia kapu hilo liwe na daftari: nani amewekewa nini, lini, wapi, plagi gani, MRI inaruhusiwa au la. Leo hospitali inaweza kumpokea mtu aliyezimia mwenye kiboksi kifuani na isijue cha kufanya wala pa kupiga simu, kwa sababu aliyekiweka ameshaondoa tovuti yake.

Matangazo yenu yajayo ya kukaribisha maandiko bila shaka yameshaanza kuandaliwa. Katika sehemu ya bajeti, chini ya vifaa na mishahara, naomba kiongezwe kipengele cha lazima cha matunzo baada ya jaribio, chenye kiasi, muda wa miaka isiyopungua kumi kwa kila kipandikizi, na jina la atakayekishika kampuni ikifungwa. Andiko lisilokijaza lirudishwe bila kusomwa, kama mnavyorudisha lisilo na kibali cha kamati ya maadili. Langu lilirudishwa mara moja kwa kuzidisha kurasa mbili, kwa hiyo najua mnaweza. Rasimu ya kipengele hicho ninayo, pamoja na jedwali la kukokotoa, na nitampa bila malipo yeyote kati yenu atakayeomba.

Wenu mtiifu,
Mhandisi wa vifaa tiba vya neva